Talaka ya Mtu Mwenye Akili Zake

Shemeji yangu Hemed tumemzika wiki iliyopita, na siku ya hitima yake nilikuwa nimekaa ukumbini, mgongo ukutani, nimefumba macho nikivuta uradi wangu kimya kimya. Nyuma ya nguzo walikaa wasichana wawili wa ukoo wakijipepea kwa ncha za buibui zao. Mmoja akasema, "Marehemu huyu ndiye aliyemshitaki ndugu yake kwa kadhi kuwa mwendawazimu, unajua? Ili amtawale." Mwenziwe akasema, "Ati! Hebu nihadithie." "Wallahi tena. Na mke wa ndugu yake ndiye yule bibi kizee pale, kalala." Kalala! Watoto wa siku hizi wakimwona mtu mzima kafumba macho, basi kwao ama kalala ama yuko njiani kufa. Ingekuwa si hitimani ningegeuka nikawapasha, lakini chumba cha pili palikuwa na wasomaji wa Kurani, nikaendelea na uradi wangu. Nilipofika nyumbani roho haikutulia. Hemed hakuwa mtu mbaya. Alikosea, akaambiwa, akakubali, na miaka yote iliyofuata alinifanyia wema ambao ndugu zangu wa tumbo moja hawakunifanyia. Kwa hiyo nausimulia mwaka ule kama ulivyokuwa. Mambo ya ukoo wangu na ukoo wa mume wangu nayaacha. Wenye kupenda nasaba wamejaa Unguja hii, na watawahadithia mpaka mchoke.

Mwaka wenyewe ni ule ambao gari la moshi la Bububu lilikuwa bado jambo geni, watu wazima na heshima zao wakitoka milangoni kulitazama likipita. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na ndoa yangu na Nasor ilikuwa haijatimiza mwaka wa pili. Nyumba yetu ilikuwa Malindi, nyembamba, chumba juu ya chumba: chini duka na jiko la haluwa, katikati ukumbi, na juu kabisa chumba chetu chenye dirisha la kutazama kichochoro. Nasor alikuwa mpika haluwa. Alikoroga wanga, sukari, samli na zafarani kwenye sufuria ya shaba iliyoweza kukogeshea mtoto, akashika mwiko mrefu, akasonga tangu baada ya alfajiri mpaka jua lipande, bila ya kupumzisha mkono, maana haluwa ukiiacha kidogo tu hushika chini, na ikishashika ni ya kutupa. Nyumba nzima ilinukia hiliki. Mashuka yetu, nywele zangu, hata msala wa kusalia. Nikenda harusini wanawake waliniambia, "Salma, wewe wajifukiza udi wa nini?" Mpaka leo nikipita penye haluwa inayopikwa husimama njiani nikasahau nilikokuwa nikienda, na wajukuu zangu hunivuta mkono wakicheka.

Nasor alikuwa na kifafa. Kilimwanza baada ya ndoa, mwaka ule ule alipoanguka kwenye ngazi ya ghala akapiga kichwa sakafuni. Alikuwa akianguka, akatetemeka, akatoa mapovu, kisha mwili ukatulia, na watu wakasema Alhamdulillahi, keshapoa. Kumbe kwangu mimi kazi ndiyo kwanza inaanza. Siku ile iliyobaki Nasor alitembea, alisema, macho kayafungua, lakini mwenyewe hayumo. Siku moja alijitia baharini na kanzu yake na kilemba kichwani, wachukuzi wa bandarini wakamtoa. Baadaye hulala. Siku ya pili asubuhi huamka mzito, hataki mwangaza, hataki maneno. Adhuhuri kapata nafuu. Ikifika alasiri ni Nasor yule yule wa mzaha, anauliza kwa nini mchuzi hauna ndimu. Safari hiyo yote, kwenda kwake na kurudi kwake, nilikuwa naijua vizuri kuliko njia ya kwenda sokoni. Wengine hawakuijua. Wao walimwona akianguka, au walimwona akiuza dukani, na kila mtu aliamini kile alichokiona yeye.

Jumatano moja alianguka mbele ya jiko, mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye makaa. Aliyemvuta ni Hemed, kaka yake mkubwa, aliyekuwa na duka la nguo mkabala na letu. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa ukumbini napeta mchele. Nasor kakaa juu ya mkeka, mkono kaufunga kitambaa, keshakula, keshasali, keshanitania kwamba kwa upetaji wangu kuku wa jirani ndio watakaoshiba. Kisha akaniita.

"Salma."

"Naam."

"Nimekuacha talaka moja."

Nikacheka. Nilidhani bado yumo kwenye mzaha wake wa kuku. Yeye hakucheka. "Nisikilize, bibi," akasema. "Nimelifikiri jambo hili tangu mwezi uliopita. Jana mkono, kesho sijui nini. Wewe msichana bado, utapata mume wa kukutazama. Kwangu mie utakaa unanifuta mapovu mpaka uzeeke. Nakuacha leo kwa kuwa leo nna akili zangu. Nikingoja, pengine itafika siku hata kukuacha siwezi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hukuniambia, wala hutaniambia. Ndiyo maana nasema mie."

Nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuipata tena maishani. Nikautupa ungo, mchele ukatawanyika ukumbi mzima, mpaka chini ya kasha. Tukapiga magoti sote wawili kuuokota, bila ya kutazamana, na tulipogongana vichwa tukaombana radhi kama wageni. Nilikuwa nampenda, naye akinipenda, na hilo ndilo lililoniumiza: mtu asiyekupenda akikuacha utamlaani ukalala usingizi.

Jua halijazama shangazi yangu Bi Zuhra keshafika kutoka Ng'ambo. Nani aliyempelekea habari sijui hadi leo. Shangazi alikuwa akizinusa talaka. "Funga kasha, twende," akasema. Nikamwambia ni talaka moja tu, na eda bado. Akaniwakia. "Moja si talaka? Aliyeachwa hakai kwa aliyemwacha. Una nini wewe, huna kwenu?" Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya sote mjini. Mwanamke akiachwa, hata iwe talaka yenye kurejewa, siku ile ile hufunga vyake akarudi kwao, na jamaa zake hujisifu kwamba wamemtoa kwa heshima. Hakuna aliyemuuliza mwanachuoni. Tuliona ndiyo dini, kwa kuwa ndivyo walivyofanya mama zetu. Nami nikatoka, shangazi mbele, mchukuzi na kasha nyuma, na Nasor kasimama mlangoni pa duka kashika mkono wake uliofungwa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya udongo, safi, sakafu yake kaikandika mwenyewe mpaka inateleza. Alinipa kitanda chake. Alinipikia kila nilichokipenda: samaki wa kupaka, kisamvu cha nazi, mkate wa kumimina wenye ute wa mayai. "Kula, mwanangu," akaniambia. "Utalia vizuri ukishashiba." Nikala, nikalia, na kweli nililia vizuri. Majirani wakaja mmoja mmoja kuazima kinu, kuazima chano, kuazima ungo, na kila aliyeazima alikaa. Nikilala chumbani nawasikia uani. "Bahati yake huyo kaachwa mapema." "Mume ana pepo, hakaliki naye." "Na uzuri wote ule, angekwisha bure." Shangazi akiwajibu, "Eda ikisha tu, nna mtu." Alikuwa na mtu kweli. Nilimsamehe zamani, Mungu amrehemu. Alinitakia kheri kwa namna alivyoijua yeye.

Siku chache baadaye Hemed akapiga hodi. Alikaa barazani, nami nikasimama nyuma ya mlango, shangazi pembeni yangu kanishika kiwiko. "Shemeji," akaanza, "nimekuja kwa wema." Akasema amekwenda kwa kadhi. Anataka Nasor athibitishwe kuwa hana akili, na yeye, kaka mtu, awe msimamizi wa nafsi yake na duka lake. Jiko litazimwa. Nasor atapelekwa Matemwe kwa mganga aliyekuwa akiwafunga watu wa namna ile kwenye nguzo, mpaka pepo ataje jina lake na kuondoka. "Na ikithibiti hana akili," akasema, "talaka yake si talaka. Mwendawazimu haachi mke. Utarudi kwa mumeo, shemeji. Wewe peke yako ndiye uliyekuwapo siku ile. Sema tu kwamba alikuwa hajarudi sawa sawa."

Nikamuuliza, "Na wewe unaamini alikuwa hajarudi?"

Badala ya jibu nikamsikia analia. Mwanamume wa kilemba na jambia, mtu mzima, analia barazani pa nyumba ya udongo watu wakipita. "Mie nimemtoa motoni kwa mikono yangu hii," akasema. "Siku hizi nikinusa mishikaki natapika. Sitaki kumzika ndugu yangu, basi. Mengine siyajui." Wasichana wale wa hitimani wangemsikia siku ile, wasingesema waliyoyasema.

Alipoondoka nilikaa kitako pale pale nyuma ya mlango. Nikisema Nasor hakuwa na akili, narudi kuwa mke wake. Lakini mume nitakayerudishiwa atakuwa kafungwa kwenye nguzo Matemwe, hana neno tena, si dukani, si nyumbani, si juu ya mwili wake mwenyewe. Nikisema alikuwa nazo, yeye atabaki huru, mie nimeachika kwa ulimi wangu. Shangazi akanigusa bega. "Sema alikuwa nazo, mwanangu. Kwanza ni kweli, pili umalize eda uolewe." Nilimkodolea macho. Alinitaka niseme kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ikinitia kisu.

Kadhi alikuwa akisikiliza watu nyumbani kwake, kwenye ukumbi wa juu, wanaume wamekaa kwenye busati na wanawake nyuma ya pazia zito la rangi ya udongo. Alikuwa mzee mfupi, mchache wa maneno, mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusikia vizuri. Siku ya kwanza Hemed alieleza shauri lake lote, Nasor kakaa kando yake. Kadhi alivua miwani, akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Mke anakaa wapi?"

"Kwangu, Sheikh, Ng'ambo," shangazi akajibu kwa fahari.

"Kaachwa ngapi?"

"Moja."

"Na nani kamtoa nyumbani kwa mumewe?"

Shangazi akamaka. "Si kaachwa, Sheikh!"

"Kaachwa talaka ya kurejewa, na eda haijaisha. Nyumba ile ni yake kukaa mpaka eda ishe. Mnawatoa mbio kama mnaotoa moto nyumbani. Kama talaka hii ni talaka, mahali pake ni pale. Kama si talaka, mahali pake ni pale pale. Mrudisheni leo." Shangazi aliteremka ngazi za kadhi anasema peke yake, na mie nyuma yake nilishukuru kwamba nilikuwa nimejifunika uso, maana nilikuwa nikicheka. Nimeshasikia hukumu nyingi za watu wakubwa tangu siku ile. Hakuna iliyonipa furaha kama ile ya kuambiwa nirudi nyumbani kwangu.

Nikarudi na kasha langu. Nasor akahamia chini kulala nyuma ya duka. Mie nikakaa juu. Tulikuwa tukisalimiana ngazini, macho chini. Mchana nilimteremshia chano cha wali na mchuzi, ndimu nimeikata pembeni kabla hajauliza. Jioni chano kilirudi kimeoshwa, na juu yake kipande cha haluwa kwenye jani la mgomba, bado moto. Hakuna aliyesema neno juu ya haluwa ile. Nilikuwa naila peke yangu dirishani, polepole, nikitafuna lozi moja moja. Ukiniuliza leo ni chakula gani nilichokula kwa utamu zaidi duniani, sitataja biriani ya harusi ya mwanangu.

Na dirishani pale ndipo nilipowasikia ndugu wawili wakisemezana chini, duka likiwa limefungwa kwa ajili ya sala. "Nakutakia uzima, Nasor," alisema Hemed. "Uzima wa kufungwa kamba, kaka?" "Ni kwa muda tu." "Sikiliza. Siku ninapoanguka nifanye utakalo. Nishike, nifungie mlango, mwaga maji jikoni. Lakini siku nisipoanguka mie ni mtu kama wewe." Hemed akasema, "Na mie nitajuaje ni siku ipi? Wewe ukiwa umo na ukiwa humo, sura ni ile ile. Unatembea, unasema." Hemed alikuwa ameuliza swali la haki, tena la mtu anayeogopa, na nilijua hivyo hata siku ile nilipokuwa bado na kinyongo naye. Nilitaka kutoa kichwa dirishani niseme: mie najua! Lakini mwanamke wa eda haropoki dirishani.

Kadhi alikuwa amesema, "Akianguka, niiteni." Akaanguka, na Hemed akamwita, na mzee yule akaja kwa miguu yake, fimbo mkononi, jua limewaka. Nilikuwa ngazini nachungulia. Alikaa mkekani uso kwa uso na Nasor. "Jina lako nani?" Nasor akamtazama kwa adabu nyingi, akachukua tasbihi ya kadhi akaanza kuitafuna. Kadhi hakumnyang'anya, alingoja mpaka akaiachia mwenyewe, akaifuta kwa kanzu yake. Hemed akasema, "Umeona, Sheikh?" "Nimeona," akasema kadhi. "Na kesho alasiri nitaona tena." Kesho yake alikuja kweli. Nasor akampokea mlangoni, akamkalisha, akamtilia kahawa, akamuuliza kama tasbihi yake imepona, maana nilikuwa nimemweleza ngazini. Wakazungumza juu ya bei ya samli, juu ya ndoa, juu ya kifo. Kadhi alimuuliza ikiwa anajua ya kwamba anaweza kufa motoni. Nasor akasema, "Najua, Sheikh. Najua na jinsi ya kupika haluwa. Vyote viwili viko kichwani mwangu pamoja." Kadhi akanywa kikombe cha pili.

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa. Shangazi alikaa karibu yangu nyuma ya pazia. Kadhi akamuuliza Nasor kwanza. "Alhamisi ile, ulipomwacha mkeo, ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa nazo."

Hemed akasema, "Sheikh, kila mgonjwa wa namna hii hujiona mzima."

"Kweli," akasema kadhi. "Binti, uko?"

"Naam, Sheikh."

"Unajua jibu lako litafanya nini?"

Nikasema najua. Akanieleza hata hivyo, neno kwa neno, akanifahamisha kila mlango unafunguka wapi. Kisha akanitaka nihadithie Alhamisi ile. Nikasema alikula, nikasema alisali, nikasema maneno ya kuku wa jirani, watu wakacheka kidogo. Nikasema sababu aliyonipa. Nikafika mwisho, likabaki jibu. Nilikuwa namwona Nasor kwa tundu la pazia. Hakuinua kichwa. Alikuwa ameuweka mkono wenye kovu juu ya goti, kama mtu anayengoja kufungwa kitambaa. Nilijua nikisema neno moja nitalala usiku ule nikiwa mke wake, na kwamba yeye hatanikanusha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwita mwanamke mwongo mbele ya watu. Na nilijua pia kwamba nikilisema neno hilo, hakuna tena atakalolisema Nasor duniani likasikilizwa. Nikapiga moyo konde.

"Wallahi, Sheikh, alikuwa na akili zake zote. Alikosea. Lakini alikosea kwa akili zake."

Ukumbi mzima ukacheka, hata Hemed. Kadhi hakucheka, alivua miwani. "Mwanamke anayeshuhudia jambo la kumuumiza nafsi yake, mie nampokea," akasema. "Na sote tuliomo humu tumewahi kukosea kwa akili zetu, wala hatukufungwa nguzoni. Talaka imepita. Msimamizi sitamweka." Shangazi akanikumbatia kwa furaha. Mimi nikawa kama niliyemwagiwa maji.

"Sheikh," Hemed akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa, ilikuwa ya mtu mwenye hofu, "na siku akianguka? Nani wa kumzuia asiingie baharini? Nani wa kusema leo auze, leo asiuze?"

"Hilo lazima lijibiwe," akasema kadhi. Akamgeukia Nasor. "Leo una akili, basi leo sema. Siku usiyoweza kujisemea, nani akusemee?"

Watu wote wakamtazama Hemed. Hata mie nilimtazama Hemed; nani mwengine?

"Mke wangu," akasema Nasor.

"Huna mke. Umemwacha, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshuhudia."

Nilisikia muuza maji akipita chini njiani. Nasor akainua kichwa, akatazama pazia, si tundu nililokuwa nikichungulia bali pembeni kidogo, kwa kuwa hakujua nimekaa wapi.

"Basi nimemrejea."

"Eda haijaisha, unaweza. Sema vizuri, watu wasikie."

"Nimemrejea mke wangu Salma, nami nna akili zangu."

Shangazi akanifinya paja mpaka likavilia damu. "Mjinga yeye na mjinga wewe," akasema, na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Kadhi akauliza, "Binti, kurejewa hakuhitaji ruhusa yako, lakini kumsemea mtu ni mzigo, na huo sikutwishi bila ya kukuuliza. Utaubeba?" Nikasema nitaubeba. "Na utajuaje lini yumo na lini hayumo?" Nikasema, "Namjua, Sheikh." Akavaa miwani yake. Hemed aliinuka wa kwanza, akaja mpaka karibu na pazia, akainama. "Shemeji," akasema taratibu, "nifundishe na mie kumjua." Sijapata kumshukuru vya kutosha kwa maneno yale. Mtu aliyekuja kutaka kumtawala ndugu yake aliondoka akiomba kufundishwa.

Nikamfundisha. Alijenga ukuta mfupi wa mawe mbele ya jiko, akaajiri mtu wa pili wa kusonga, akawa anakuja kila asubuhi kumtazama nduguye machoni kabla moto haujawashwa. Haikupita mwezi Nasor akaanguka tena. Tulimpandisha ukumbini, Hemed na mie, tukamlaza. Alipofungua macho akaketi, akaninyooshea kidole, akapaza sauti kama muadhini: "Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha!"

Hemed akageuka kijivu. Tatu, hizo hazina kurejewa. Akanitazama, na nikafahamu kwamba pale chumbani, mbele ya Mwenyezi Mungu, mwenye kusema talaka zile ni talaka au si talaka ni mie peke yangu, mie niliyekuwa na kila sababu ya kujipendelea. Hapo ndipo nilipoujua uzito wa kile nilichokikubali nyuma ya pazia kwa mdomo mwepesi. Sikutaka kukisia, wala sikutaka kusema linalonifaa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mashavu.

"Umemwacha nani?"

Akanitazama kwa macho yale yasiyokuwa na mwenyewe. "Wewe, mama."

Mama yake yuko kaburini miaka. Hemed akateleza ukutani mpaka chini, anacheka huku kaziba uso, na mie nikacheka, nikalia, nikashindwa kujua lipi linakuja kwanza. "Hayumo," nikasema. Nikampa uji wa mchele kwa kijiko, akanywa, akalala.

Siku ya pili, baada ya alasiri, alitafuta kofia yake, akalalamika kahawa imepoa, akaja kukaa karibu yangu mkekani.

"Jana nilisema lolote?"

"Ulimwacha mama yako talaka tatu."

Akafikiri kidogo. "Naye kasemaje?"

"Kasema hatoki."